Duma Apanda Old Moshi

Ndugu zangu wa Kiomboi mmeniuliza mara nyingi nilivyofika kwa wakwe zangu, na kila anayewasimulia hutia chumvi yake. Basi nisikilizeni mimi niliyeshika usukani.

Safari ililetwa na maneno. Nilipokwenda kumposa Aika nilipanda Old Moshi kwa baiskeli, mvua ikaninyeshea njia nzima. Baba yake, Mzee Anaeli, alinitazama mimi, akaitazama baiskeli, akasema, "Binti yangu hatabebwa kwenye keria kama mkungu wa ndizi." Tukaoana hivyo hivyo, katika kanisa dogo la huku kwenye mashamba ya miwa, ninakotengeneza matrekta. Mama mkwe alituma baraka kwa mdomo wa jirani. Mzee hakutuma neno. Akazaliwa Rehema, akafuata Tumaini, akaja Yona, na muda wote huo Aika hakukanyaga kwao. Usiku wa Krismasi alikuwa akisimama nje akitazama taa za mlimani, nami najifanya sioni.

Nikaapa kwamba atapanda kwa gari, tena gari linalosikika kabla halijaonekana.

Nyuma ya karakana palikuwa na gari la zamani la milango minne, lililoachwa na mzungu mmoja aliyekuwa msimamizi kabla ya Uhuru. Kuku walitagia kiti cha nyuma. Meneja akaniambia nikiliondoa nitakuwa nimemsaidia. Nilikwangua kutu, nikanyoosha bodi, nikang'oa injini iliyokufa na kuweka ya pikapu iliyopinduka. Haikuenea. Nikakata boneti, ikachomoza juu kama kichwa cha kiboko majini. Nyuma nikavisha matairi mapana ya ile ile pikapu. Rangi ilikuwa nyekundu ya matrekta, maana ndiyo iliyopatikana. Nilipoliwasha, mbuzi wa jirani alikata kamba, na wanangu wakaliita Duma.

Aika alilizunguka mara moja. "Baba Rehema, umetengeneza gari la kukimbia. Watoto wanakaa wapi?"

Akachukua turubai na sufi, akaketi kwenye cherehani, akashona kiti kipana cha nyuma. Kisha akadai mikanda ya kufungia mizigo ya lori, akaikata, akaipinda na kuizungushia kitambaa laini ili isiwakwaruze watoto, nami nikaifunga sakafuni kwa bolti. Yona alishonewa kikapu chenye mkanda wake. Nikanung'unika kwamba duma hafungwi.

"Duma hafungwi," akasema, "wanangu watafungwa."

Jumapili asubuhi tuliondoka jua likichomoza juu ya miwa. Mafuta yalikuwa shida miaka ile, na serikali ilikataza magari ya watu binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kupanda, kusalimu, kula kidogo, kushuka. Jumatatu zamu yangu ilianza asubuhi na mnyapara wangu hakuwa mtu wa utani.

Tulipofika Pasua, watu walitoka nje kushangaa. Muuza maandazi mmoja alisahau sufuria motoni. Niliona moshi kwenye kioo. Mjini askari wa barabarani alitusimamisha, akachungulia injini, kisha akachungulia nyuma na kuwakuta Rehema na Tumaini wamefungwa kifuani kama marubani. Akacheka, akatupungia tupite. Aika alinitazama kwa pembe ya jicho.

Baada ya Kiboriloni barabara ilianza kupanda. Ndugu zangu, kwetu ukitazama unaona mpaka macho yachoke. Huku migomba inakukumbatia pande zote, kahawa chini yake, na maji yanaimba kwenye mifereji hata usipoyaona. Baridi iliingia. Aika alifungua kioo akavuta pumzi, akaanza kuwaonyesha watoto: pale nilikuwa nateka maji, pale nilianguka na kuni. Duma alipanda akinguruma, nami kifua mbele.

Kwenye kona ya mwisho, ile kali, manyunyu yalikuwa yamelainisha udongo mwekundu. Matairi yangu mapana, yaliyokwisha meno, yakaanza kuzunguka bure. Nikaongeza moto. Injini ikanguruma mlima mzima ukasikia, na gari likarudi nyuma taratibu kuelekea mtaroni. Tumaini akalia. Nikakanyaga breki, jasho likanitoka, kwa kuwa chini ya mtaro ule kulikuwa na korongo.

Wakati ule ule akina mama walikuwa wanatoka ibada ya kwanza. Hawakungoja kuombwa. Wakakunja vitenge, wakaweka Biblia zao kwenye nyasi, wakajipanga nyuma. "Moja, mbili, haya!" Tope likaruka. Duma akasogea, akateleza, akasogea tena, mpaka akakaa penye mawe.

Aika aligeuka kuwashukuru kupitia kioo cha nyuma, akapiga kelele, "Mama!"

Mwanamke aliyekuwa katikati, mwenye tope kuanzia kilemba mpaka viatu, alisimama mikono ikiwa bado kwenye buti la gari. Ndiye mama mkwe. Alikuwa amemsukuma binti yake pasipo kujua. Aika alishuka mbio, wakakumbatiana pale pale kwenye tope, wanalia na kucheka kwa Kichagga, na akina mama wale wakapiga vigelegele kama harusi ndiyo kwanza inafungwa. Nadhani ndivyo ilivyokuwa.

Tuliingia nyumbani mama mkwe akiwa kiti cha mbele. Mzee Anaeli alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Alimwona mkewe anashuka kwenye gari jekundu akiwa na matope, akashusha panga.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba." Hakuitazama injini hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja mlango wa nyuma. "Na hizi kamba ni za nini?"

"Za kutufunga, Babu," Rehema akamjibu, "Baba akikimbiza."

Mzee aliushika mkanda, akauvuta kwa nguvu, akaupapasa pale penye kitambaa. "Nani alishona?"

"Mimi, baba," Aika akasema.

"Na bolti?"

"Mimi," nikasema.

Akawafungua wajukuu mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayefungua zawadi. "Karibuni ndani," akasema.

Mtori wa ndizi ulikuja, ukafuatwa na nyama, na majirani, na kata ya mbege, pombe yao ya ndizi, iliyozunguka. Kila nilipoinuka, mtu alinishika bega. Mwisho nikamwambia mzee kwamba saa nane inakaribia, serikali imekataza magari.

"Serikali imesema magari yasitembee," akajibu. "Haikusema wakwe wasilale."

Tukalala.

Jumatatu kulipopambazuka niliukuta mkungu wa ndizi kwenye buti, na Mzee Anaeli amevaa koti na kofia, ameketi kiti cha nyuma katikati ya wajukuu, amejifunga mkanda. "Nataka kuona anakoishi binti yangu," akasema. Tulishuka mlima kwa adabu. Lakini tulipoipita Pasua na barabara kunyooka kwenye miwa, akanigusa bega.

"Mke wangu amelisukuma, mimi sijalionja. Ongeza."

Nilimtazama Aika. Aika akageuka, akakagua mikanda mmoja mmoja, akatikisa kichwa kukubali. Nikaongeza. Miwa ikawa ukuta wa kijani, kofia ya mzee ikatoka dirishani, hakuidai. Alicheka kicheko ambacho Aika alisema hajakisikia tangu utotoni. King'ora cha kiwanda cha sukari kililia tukiingia getini, nikawahi zamu yangu.

Niliunda gari lile ili mkwe anione mimi ni mtu gani. Nilichojifunza ni kwamba alikuwa na hamu moja tu, kujua kama binti yake anaishi na mtu anayemsikiliza. Alikaa kwetu wiki nzima. Jioni nikitoka kazini niliwakuta yeye na Aika kwenye kizingiti, wanamenya ndizi na kuongea Kichagga nisichokielewa, nami nilipita kimya kwenda kuoga, nimeridhika kabisa.