Ndoano Mbili Ndani ya Mfuniko wa Saa

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, Bi Sekunde anabana pumzi na kusubiri lori lipite.

Meza yake, ndani ya kibanda, iko hatua tano kutoka barabarani. Lori likipita, meza hutetemeka kidogo sana, mtetemo ambao mteja hausikii lakini kamera inausikia. Lori linapita. Anabonyeza kitufe na kuondoa kidole haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Kamera, iliyofungwa kwenye stendi huku ikitazama chini, inahesabu sekunde mbili yenyewe, kisha inalia tik.

"Imeingia," anasema.

Kwenye kioo cha kamera, kile kilichokuwa kipande cha chuma kama punje ya mtama sasa ni gurudumu zima lenye meno, na katikati ya meno mawili kuna kutu ya rangi ya chungwa. Mwenye saa, mama anayeuza nguo za watoto mtaa wa pili, anainama kutazama.

"Hiyo ni saa yangu au bomba la maji machafu?"

"Ni yako, mama. Umeoga nayo."

"Sijaoga nayo mimi."

Bi Sekunde habishani. Anaikuza picha mpaka kutu inajaa kioo chote.

"Labda mara moja," anasema yule mama, na kukaa kwenye kigoda kusubiri bei.

Bi Sekunde ana miaka arobaini na minne. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ukimwambia "nakuja baada ya dakika tano", atakuuliza ni tano za saa gani. Meza anayofanyia kazi, yenye droo kumi na mbili na ukingo uliolika kwa viwiko, ilikuwa ya baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Mzee hata kabla hajazeeka. Alifariki mwaka mmoja na miezi minane iliyopita.

Hakuacha daftari hata moja. Kila saa aliyoitengeneza, kabla ya kuifunga, aliandika kwa ncha ya sindano ndani ya mfuniko wa nyuma: tarehe, na alama yake, kijistari kilichopinda mithili ya ndoano. Mafundi wengi wa saa hufanya hivyo, ili saa ikirudi wajue nani aliifungua na lini. Mwenye saa haoni kamwe. Anaivaa alama hiyo miaka nenda miaka rudi, imegusana na mkono wake, bila habari.

"Daftari la baba limo mikononi mwa watu," anasema. "Linatembea tu mjini. Mara liko sokoni, mara liko benki."

Wiki ya tatu baada ya mazishi aliletewa saa iliyosimama. Alipofungua mfuniko akaiona ndoano, na tarehe ya miaka sita nyuma. Alikaa nayo kiganjani mpaka mteja akamuuliza kama imeharibika kabisa. Akajibu, "Hapana, ni uchafu kidogo," akaisafisha, akaifunga, akairudisha. Saa ikaondoka na ndoano yake.

Nyingine ikaja. Na nyingine. Kila moja ilikuwa mwandiko wa baba, na kila moja ilikuwa na mwenyewe. Huwezi kumwambia mtu akuachie saa yake eti una majonzi.

Wakati huohuo kazi ilikuwa inapungua. Zamani meza ile ilibadilisha betri kumi na tano kwa siku, mbali na saa za kufungua. Baada ya msiba zilibaki sita, siku nyingine nne. Fundi wa upande wa stendi ya mabasi alikuwa na maneno yake, na maneno hayana miguu lakini yanafika: "Fundi alikuwa yule mzee. Binti alikuwa anamshikia tochi."

Bi Sekunde alikuwa mezani hapo tangu ana miaka kumi na saba. Lakini angemjibu nini? Aliyejua nani alifanya nini alikuwa mtu mmoja, naye hayupo. Na hata alipokuwepo hakuwa msemaji. Sifa yake kubwa ilikuwa neno moja, "Imepita", nalo alilitoa kwa nadra.

Akaamua angalau azipige picha zile alama. Alianza na simu. Picha ya kwanza ilimwonyesha simu yenyewe, ikijitazama kwenye chuma kinachong'aa kama mtu mbele ya kioo cha kunyolea. Ya pili ilikuwa ukungu. Akajaribu kubana mbele ya simu kile kioo kidogo cheusi ambacho mafundi saa hukibana jichoni. Akapata duara jeusi lenye tarehe nusu.

"Unataka kamera," alimwambia jirani yake, mpiga picha za pasipoti mwenye chumba kinachopakana na kibanda chake. Watu humwita Usicheke, kwa kuwa hilo ndilo neno analowaambia wateja kutwa nzima, na mwenyewe hulifuata. "Lakini usiende peke yako."

Akaenda peke yake. Alifunga kwenye leso mfuniko mmoja mkuukuu wa droo ya baba na kuupeleka dukani, maana hakutaka kununua mbuzi ndani ya gunia. Muuzaji alimletea kamera yenye lenzi ndefu kama chupa.

"Hii, dada yangu, inavuta mpaka mwezini."

"Sina mteja mwezini," alisema Bi Sekunde, na kufungua leso. "Nionyeshe huu mkwaruzo."

Muuzaji akaielekeza kamera kwenye mfuniko. Ukungu. Akarudi nyuma hatua moja, ukungu; akarudi tena, mpaka mgongo wake ukagonga kabati la chaja. Hapo picha ikatulia, na mfuniko ukaonekana, mdogo kama kifungo cha shati.

"Ina megapikseli ishirini na nne," alisema kutoka kule kabatini.

"Ni nyingi?"

"Nyingi mno."

"Basi hazijauona mkwaruzo hata moja."

Alichagua bodi, yaani kamera tupu bila lenzi, iliyotumika, ya zamani kidogo, isiyo na mbwembwe, na hapo hakukosea. Alikosea kwenye lenzi. Muuzaji alimpangia lenzi mbili za kupiga vitu vidogo, akaeleza kwamba moja inasogea hadi upana wa vidole viwili kutoka kwenye kitu, na nyingine lazima ikae mbali, karibu shubiri moja na nusu. Ya kwanza ilikuwa fupi, nyepesi na mpya. Bi Sekunde hakufikiri mara mbili. Fundi saa huishi pua ikigusa kazi; kwake, kuona ni kusogea.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," alimwambia muuzaji, akalipa. Bodi na lenzi vilimgharimu faida ya betri mia mbili na arobaini. Kaka yake, fundi bomba, aliposikia aliweka kijiko chini. "Dada, si ungenunua saa?" akauliza.

Mezani aliisogeza lenzi mpaka vidole viwili kutoka kwenye mfuniko. Mfuniko ukawa giza. Lenzi ilikuwa imeufunika mwanga wote, na katikati ya chuma palionekana jicho kubwa jeusi: lenzi ikijitazama, kama simu. Alisogeza taa huku na kule siku tisa. Siku ya kumi aliirudisha kamera kwenye boksi lake, na boksi akalisukuma chini ya meza.

Ndipo ikaja saa ya mwalimu.

Mwalimu huyo mstaafu aliileta Jumatatu. Ilikuwa saa ya kutia ufunguo, kioo chake kimeingia ukungu kama maziwa. Aliitaka Jumamosi asubuhi bila kukosa, kwa kuwa Jumamosi mchana alikuwa anapanda ndege kuhamia kwa binti yake, ng'ambo. "Sirudi, mwanangu," alisema. "Nimeshagawa hata vikombe."

Bi Sekunde aliifungua akakuta ndoano. Tarehe ilikuwa ya miaka ishirini na mitano nyuma, kongwe kuliko zote alizowahi kuziona. Na pembeni ya ndoano palikuwa na kitu kingine. Chuma kilikuwa kimelika kwa jasho na miaka; kwa kioo cha jicho aliona vumbi la mikwaruzo tu. Alipoinama zaidi, kikapotea kabisa.

Alikuwa na siku tano. Baada ya hapo saa ingeruka na ndege, na chochote baba alichoandika kingekwenda nayo.

Siku ya Jumanne alilibeba boksi hadi kwa Usicheke na kuliweka juu ya kiti cha wateja.

"Nilikwambia usiende peke yako," alisema Usicheke.

"Nimekuja kusemwa au kusaidiwa?"

"Vyote. Kaa." Aliichomoa lenzi fupi, akaitazama, akatikisa kichwa. "Lenzi si mbaya. Ingekuwa ua, ingekuwa jani, ungefurahi. Lakini chuma kinang'aa, kinataka nafasi. Mwanga upite wapi na wewe umeusimamia mlangoni? Kusogea si kuona, fundi. Kinachotakiwa ni kitu kionekane kikubwa na wewe ukiwa umekaa kando."

Kutoka droo ya chini alitoa lenzi kuukuu ya milimita mia moja, ya enzi za filamu, nzito kama jiwe la kusagia pilipili, ya kuzungushwa kwa mkono. Alikuwa nayo tangu alipokuwa akipiga pete za maharusi.

"Bodi utabadilisha," alisema. "Lenzi utazeeka nayo."

"Shilingi ngapi?"

"Niachie hiyo fupi. Na unitengenezee ile." Akaonyesha saa ya ukutani kwake, iliyosimama saa kumi na dakika kumi kwa miaka mitatu, hata wateja wakadhani ni pambo.

Jumatano alipata pete ya kuiunganisha lenzi kuukuu na bodi yake. Alhamisi alijifunza kwamba ukikaribia hivyo, kinachoonekana safi ni unene wa ukucha tu. Mbele yake ukungu, nyuma yake ukungu. Mfuniko ulipaswa kulala sawasawa, kama maji kwenye sahani. Alivilaza vipande vya karatasi chini yake kimoja kimoja. Kazi hiyo aliijua. Ni kazi ya saa.

Ijumaa saa nne asubuhi aliizima taa ya juu. Akaiweka taa ndogo mezani, ubavuni kabisa mwa mfuniko, mwanga ukipita juu ya chuma kama jua la asubuhi juu ya shamba lililolimwa, kila tuta likitupa kivuli. Kwa kioo cha jicho asingeweza: uso wake mwenyewe ndio uliokuwa unaziba mwanga huo. Lenzi ilikaa mbali, shubiri na nusu, ikaupisha.

Akasubiri malori mawili. Tik.

Ilikuwa ndoano ya pili. Ndogo, nusu ya ile ya kwanza, imelazwa ndani ya mpindo wake. Chini yake, kwa mwandiko ule wa sindano, palikuwa na neno moja: *imepita*.

Alihesabu miaka. Alikuwa na kumi na tisa. Akaikumbuka saa hiyo: ya kwanza aliyoifungua peke yake, akatoa vipande vyote na kuvirudisha vyote, siku mbili, huku baba akijifanya anasoma gazeti. Ilipoanza kutembea, mzee aliichukua, akamgeuzia mgongo, akaifunga mwenyewe. Yeye alidhani alikuwa anakagua makosa.

"Kumbe alikuwa ananiandika," anasema sasa. Anapangusa lenzi, ingawa ni safi.

Usicheke aliitwa, akaja na miwani yake. Aliinamia kioo cha kamera. "Tochi, eh?" alisema. Kisha akaenda kuichapa kubwa, kama dirisha dogo, bila kuombwa.

Jumamosi saa tatu mwalimu alikuta saa inatembea, kioo kipya, na picha ukutani. Alielezwa. Akaigeuza saa mkononi, akaitazama nyuma ambako hakuna kinachoonekana.

"Miaka yote hii," alisema, "kumbe nilikuwa natembea na shahada yako."

Alitaka kuiacha. Bi Sekunde akakataa. Saa ni ya kuvaliwa, alimwambia, na yeye tayari anayo picha. Mwalimu akaivaa, akalinganisha na saa ya ukutani kwa Usicheke, iliyokuwa inatembea kwa siku ya pili, akaenda kupanda ndege yake.

Picha ile ilifanya kazi ambayo ulimi usingeifanya. Watu walisimama kuitazama, wakauliza, wakakumbuka saa zao kwenye madroo. Leo meza inabadilisha betri kumi na nane kwa siku, na hakuna saa inayofunguliwa bila mwenyewe kuonyeshwa ugonjwa wake kwenye kioo cha kamera. Mwezi uliopita fundi wa upande wa stendi alimtuma mteja kwake na saa iliyomshinda. Bi Sekunde aliitengeneza na kuirudisha pamoja na picha. "Yeye naye ana macho," anasema.

Ukutani kuna kibao: *Leta saa iliyopita kwa Fundi Mzee. Kufungua ni bure. Naomba picha moja tu.* Hadi sasa ana picha sitini na tatu. Thelathini na moja zina ndoano mbili, ya pili ndogo kiasi kwamba jicho huidhani mkwaruzo tu.

Anataka kuzikusanya zote kwa mpangilio wa tarehe, kitabu kizima, daftari ambalo baba hakuliandika mezani. Inakosekana moja anayoitaka kuliko zote: ya mwisho. Baba aliifunga wiki mbili kabla ugonjwa haujamlaza kitandani, mikono ikitetemeka, binti akiwa amefanya kazi yote. Mwenye saa hiyo ni dereva wa masafa marefu ambaye hakuacha jina wala namba.

"Atakuja," anasema, akilaza mfuniko mwingine juu ya vipande vya karatasi. "Mkanda utakatika, kioo kitapasuka, au itaingia maji na atasema hajaoga nayo. Saa yoyote hurudi kwa fundi."

Na ndani kutakuwa na ndoano ngapi?

Bi Sekunde anainua kidole: ngoja kwanza. Lori linapita.

"Mbili," anasema, na kubonyeza.