Siku Mzee Ndagano alipotoka garini kumsalimu polisi wa township

Wakuu, heshima kwenu. Hili sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa kwenye kiti cha mbele, mkanda umenibana kifua.

Mimi Mtanzania, naishi Whitehall, Columbus, huku Marekani. Jirani yangu Mzee Ndagano ni Mkongomani wa Kivu. Tunafanya kazi warehouse moja, yaani ghala la mizigo, na zamu yake ya kuendesha tunatumia gari lake.

Warehouse iko nje ya mji, kwenye township. Kwa wasiojua, township ni eneo dogo la mashambani lenye viongozi wake. Hii yetu ina hata polisi wake, askari wa kuhesabika.

Asubuhi moja taa za polisi zikawaka nyuma yetu. Mzee akasimama vizuri pembeni. Halafu akafungua mlango.

"Mzee, unaenda wapi?"

"Bon, chef atakuya mpaka huku, miye niko naikala? Ile ni kukosa adabu!"

Akatoka. Kofia ameivua, ameishika kifuani. Mkono mwingine ameuingiza ndani ya koti, anatafuta leseni. Anamwendea askari huku anatabasamu.

Kwao ndiyo heshima. Chef ni mkubwa, na mkubwa hangojwi umekaa.

Huku Marekani, wakuu, mkono ndani ya koti ni kifo: askari atadhani unachomoa bastola.

Askari akapiga kelele, mkono uko kwenye bastola. Mzee hajui Kiingereza, akaongeza tabasamu na hatua. Nikapaza sauti dirishani: "Mzee, simama! Toa mkono, inua yote miwili!"

Akainua. Kofia ikaanguka, upepo ukaipeleka mtaroni.

Nikamweleza askari kwamba huyu mzee alikuwa anakuja kumsalimu. Askari mwenyewe alikuwa mtu mzima wa mvi, kumbe ndiye mkuu wa kituo. Akaondoa mkono kwenye bastola. Kisha akashuka mtaroni, akaokota kofia, akaikung'uta na kumrudishia mwenyewe.

Kosa lenyewe? Taa ya nyuma imeungua. Akatupa onyo tu.

Lakini hakuondoka. Aliegemea gari letu akaanza kusimulia, mimi natafsiri.

Alisema zamani hapa hapakuwa na kituo. Kulikuwa na mashamba ya mahindi na soya, na mkulima mmoja aliyepewa beji ya polisi. Mkulima huyo ni baba yake. Taa aliiweka juu ya pickup yake mwenyewe. Ofisi ilikuwa jikoni kwao, na mama yake ndiye aliyepokea simu huku anapika.

"Baba akisimamisha mtu," alisema, "yule mtu alikuwa anatoka garini, anavua kofia, wanapeana mikono. Wanaulizana habari za ng'ombe."

Baadaye zikaja barabara kubwa, nyumba mpya, warehouse. Wenyeji wakapiga kura ya kujitoza kodi, wakapata kituo na askari wa kuajiriwa. Halafu siku moja askari wao mmoja akapigwa risasi na dereva aliyetoka garini. Alipona, ila tangu hapo sheria ikawa: kaa ndani, mikono ionekane.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mwambie chef, basi miye sikukosa. Nilichelewa tu kufika."

Nilipotafsiri, yule mkuu alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema polepole kwamba leo nusura amuue mtu aliyemfanyia alichokuwa anafanyiwa baba yake.

Jumapili moja mkuu huyo alikuja kanisani kwetu kuwafundisha wazee. Tulipanga viti mfano wa gari, Mzee akawa dereva. Mikono juu ya usukani, hagusi kitu mpaka aombwe. Akainamisha kichwa pale pale alipokaa: "Jambo, chef. Niko naikala, lakini si kiburi."

Funzo nililopata: adabu ya mtu haionekani kwa asiyeijua, na woga wa askari nao una historia yake. Tusiwaachie wazee wetu wajifunze hili barabarani.

Mlioko miji mingine kama Louisville na Buffalo, kwenu wazee mnawafundishaje? Na kama una mzazi aliyefika juzi, leo mkalishe kwenye kiti cha jikoni, wewe uwe polisi. Akisimama kukusalimu, usimcheke. Mwombe akae, mwanze tena.