Kibuyu cha Shingo Kombo

Kila nikipangusa vumbi juu ya kabati langu la darasani, lazima nikiguse kile kibuyu, na kila nikikigusa mbegu zilizomo ndani hulia chaka, chaka. Ni sauti ndogo tu, lakini inatosha kunirudisha kwenye umri wa miaka kumi na minne, nimevaa fulana nyeupe iliyoandikwa kwa rangi nyekundu TENDA WEMA NENDA ZAKO, panga mkononi, nikiamini kwa moyo wote kwamba mimi ni kiongozi. Nawaombeni msicheke mapema.

Shule yetu ilikuwa Gisozi, jijini Kigali, mahali ambapo misumeno ya maseremala wa soko la Agakiriro ilianza kulia kabla ya kengele ya kwanza, na harufu ya vanishi iliingia darasani bila kubisha hodi. Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Festo, alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Ngara, ng'ambo ya mpaka. Alirudi na Kiswahili kizuri na tabia moja ya kuudhi: ukimuuliza swali, anakujibu kwa swali. Kila Jumatano mchana alisimamia klabu ya uongozi. Na usimamizi wenyewe, jamani! Alikaa dirishani akimenya karanga, akatuambia uongozi haufundishwi ubaoni, tuende tukatafute mtu mwenye shida, tumsaidie, kisha tuje na ripoti. Nikasema moyoni, huyu anapokea mshahara wa nini?

Tuligawanywa makundi, na kundi ambalo lingeshinda, kiongozi wake angezungumza mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Nilikuwa nimeshamwambia mama anunue kitambaa cha gauni. Kwa hiyo mnaelewa hali yangu nilipopewa kundi lile. Innocent alikuwa na simu ya kaka yake, na kazi aliyoipenda ilikuwa kuwapiga picha watu wakifanya kazi. Diane alianza kuandika ripoti kabla hatujajua tunakwenda wapi. Wengine wawili walikuja ili wachelewe kurudi nyumbani. Kila mmoja alikuwa na mawazo yake juu ya kila jambo, na wahenga walishasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Niliwakemea mpaka Innocent akanibandika jina la Afande.

Kiongozi wa mtaa mmoja wa Kinyinya ndiye aliyetutajia Mukecuru Veneranda, yaani Bibi Veneranda, mjane aliyekuwa akiishi peke yake. Kinyinya yote ilikuwa inajengwa. Kushoto kwake ghorofa, kulia kwake ghorofa, na katikati nyumba yake ndogo ya udongo, imezungukwa na ua mkongwe wa miti. Paa la jiko lake la nje halikuonekana kabisa. Lilikuwa limefunikwa na mmea unaotambaa, majani mapana, maua meupe, na vitu vya kijani vinaning'inia. Tulisimama barabarani, tukatazama, tukashika vichwa.

Lazima niwaeleze kwamba sisi watoto wa Kigali tumelelewa na ufagio. Tangu tukiwa wadogo, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaona mtaa mzima umetoka kwa umuganda, majembe mabegani, mawaziri na wauza nyanya wakizibua mtaro mmoja. Tukiona jani limelala njiani, mkono unawasha. Kwa macho yetu, ile nyumba ilikuwa na ugonjwa, na dawa yake ilikuwa panga. Tukapanga palepale barabarani: tufyeke pori, tujenge uzio kwa mabaki ya mbao kutoka kwa maseremala wa Gisozi, kisha tupake chokaa. Diane akaandika, "Tatizo limetambuliwa."

Jumamosi tulifika na toroli iliyojaa mbao. Mukecuru alitoka akiwa amejifunga kitenge, akatusalimu mmoja mmoja kama inavyotakiwa, akashika mkono wa kila mtu na kuuliza habari za nyumbani, wazazi wazima, tumetokea wapi. Alikuwa ameishi Bujumbura miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili kilimtoka bila shida. Mimi nilikuwa natazama saa. Alipotaka kwenda kutupikia uji, nilimkatalia.

"Mukecuru, leo wewe ni mgeni wetu," nikamwambia. "Kaa upumzike. Kazi ni yetu."

Nikamletea kiti chake mwenyewe, nikamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, nyumbani kwake mwenyewe. Akainuka. Nikamkalisha. Akainuka tena, na mimi, nikiona huruma jinsi wazee wasivyojua kupumzika, nikamkalisha tena. Mara ya tatu alinishika kifundo cha mkono.

"Mwana wanjye, buretse, subiri kidogo," alisema. "Ile iko juu ya jiko..."

"Usijali, Mukecuru! Hata ya juu tutaifikia."

Innocent akapiga picha, mkono wa mzee juu ya wangu, meno yangu yote nje. Kisha nikapanda mwenyewe juu ya jiko, maana wenzangu walikuwa bado wanabishana nani ashike ngazi. Sasa nawaambia jambo ambalo sikuliandika kwenye ripoti yoyote. Nilipofika juu niliona kwamba kile kitu kikubwa kuliko vyote kilikuwa kimefungwa. Kamba ya mgomba iliyosokotwa vizuri ilikuwa imekizunguka kwa chini na kukining'iniza kwenye boriti, kisivunjwe na uzito wake. Niliiona kamba ile. Nikaikata.

Mchana tulimaliza. Uzio ulikwenda upande kidogo, lakini chokaa iling'aa. Majani yote na vile vitu vya kijani tulivitupa kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba. Mukecuru alitutazama, akatazama paa tupu, akasema, "Murakoze, bana banjye." Asanteni, wanangu. Tukatenda wema, tukaenda zetu.

Jumatano Diane alisoma ripoti na darasa likapiga makofi. Kwenye jalada ilikuwepo ile picha, na chini yake maneno "Shukrani za Mukecuru". Mwalimu Festo akaweka karanga zake chini.

"Alisema nini?"

"Alisema murakoze, Mwalimu."

"Kabla ya murakoze?"

Wenzangu wakanigeukia. Nikakumbuka lile neno nililolikata katikati. Nikasema sikumbuki.

"Basi nendeni mkamuulize. Kuuliza si ujinga."

Nilimchukia, sitawaficha. Makundi mengine yalikuwa yanapewa alama, sisi tunarudishwa Kinyinya kama watoto waliosahau ndoo kisimani. Njia nzima tuligombana. Innocent alidai kosa ni la ripoti, Diane alidai ni la picha, mimi nikadai ni la Mwalimu.

Tulimkuta Mukecuru amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Mbele yake kulikuwa na vibuyu vitatu alivyovitoa shimoni. Vilikuwa vimelegea na kuanza kutoa maji, na harufu yake ilikuwa ya tango lililooza. Alitukaribisha kwa uso uleule, akaingia kupika ule uji niliomkatalia. Safari hii hakuna aliyethubutu kukataa. Wakati tunakunywa, akaingia mjukuu wake Solange, msichana anayefanya kazi kwenye duka la simu pale Sonatubes. Alizitazama fulana zetu.

"Ni nyie?" akasema. "Ni nyie mulikata? Munajua hiyo kibuyu iko ya nini? Iko igisabo ya ndoa yangu! Mwezi wa nane naolewa. Nyogokuru aliiangaria kila asubuhi kama mtoto, nyie munakuja na mapanga. Muliuriza nani?"

"Solange, ceceka," bibi yake akamnyamazisha. "Hawa ni wageni."

"Wageni gani, Nyogokuru! Wageni wanaomba ruhusa!"

Igisabo ni kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, na kwetu bibi harusi hukiingiza nyumbani kwake pamoja na vikapu na vyombo vya maziwa. Siku hizi watu wanaazima kwa saa moja tu kisha wanarudisha. Mukecuru alitaka cha mjukuu wake kiwe cha kwake. Mbegu ilitoka kwenye kibuyu cha mama yake mzazi, Mukecuru akakimbia nayo Burundi ikiwa imefungwa kwenye pindo la kitenge, akarudi nayo. Na kibuyu kikikatwa kibichi hakikauki kuwa chombo. Kinaoza tu, na mbegu zake changa haziwezi kuota. Kibuyu kilichokatwa Mei hakitapata mwenzake Agosti, hata mkichota maji ya mto mzima.

Diane alianza kulia. Mimi sikulia, na afadhali ningelia, kwa sababu niliropoka, "Lakini Mukecuru, kwa nini hukutuambia?"

Aliingia ndani, akarudi na kitambaa, akafungua fundo. Zilikuwa zimebaki mbegu tano. Akanipa jembe.

Wenzangu walikuja Jumamosi mbili, tatu, kisha kila mmoja akapata udhuru wake. Nilibaki mimi, na nilibaki nikinung'unika. Hotuba ya wazazi alipewa mwingine na kile kitambaa mama akakishonea mapazia. Mwezi wa nane Solange aliolewa. Nilibeba soda kwenye ile harusi. Shangazi yake alipokiinua igisabo cha kuazima, watu wakapiga vigelegele, nami nikamwona Mukecuru ameinamisha macho akikunja na kukunjua leso yake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mbegu mbili ziliota. Ulipofika wakati, Mukecuru alinionyesha jinsi ya kuning'iniza vibuyu kwa kamba ya mgomba. Kimoja alikifunga yeye. Cha pili nilikifunga mimi, kwa haraka, kamba ikateleza, kikalala juu ya jiwe wiki nzima mpaka shingo ikapinda. Kilichonyooka kilikauka vizuri kikaenda kwa Solange, akiwa tayari na mimba ya kwanza. Nilipokichukua kilichopinda nikitupe, Mukecuru alinizuia.

"Hicho iko yako," alisema. "Umekiumiza wewe, kaa nacho."

Leo mimi ni mwalimu, na Mungu hakosi mzaha, nimepewa klabu ya uongozi. Nakaa dirishani. Karanga ninazo. Kila mwaka wanakuja na fulana zilizokwisha kuandikwa, na jina la mzee ambaye hawajawahi kumwamkia, na mimi nauma meno nisiwape jibu. Sasa najua Mwalimu Festo alikuwa anafanya kazi ngumu kuliko zote.

Kila mwaka pia nawaonyesha ile picha. Nawauliza, mnaona nini? Wanajibu kwa sauti moja, bibi anamshukuru msichana. Siwezi kuwalaumu. Hata mimi niliitazama zaidi ya miaka kumi nikiona mambo hayohayo, mkono wake na meno yangu. Na swali langu la kijinga, kwa nini hukutuambia, nililibeba miaka hiyohiyo.

Mwaka huu nilikuwa nimeshachoka, natia picha mkobani, pale msichana mmoja wa nyuma asiyezungumza aliponyoosha kidole.

"Mwalimu, mbona hakutazami?" akauliza. "Anatazama nini kule juu?"

Nilikishusha kibuyu kutoka juu ya kabati, nikapita katikati ya madawati, nikamwekea mikononi.