Mafuta ya Mbarika na Mfuko wa Lita Moja

Dada yangu, aliyeolewa ng'ambo katika nchi ya baridi, alipojifungua binti wa pili, hapakuwa na mjadala wa jina. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba, na wa pili jina la mama wa mama. Basi mama yetu, mkulima wa Giakanja, karibu na mji wa Nyeri, akaanza kuwaambia wanawake wenzake wa chama cha kanisa kwamba yeye mwenyewe amezaliwa tena, na kwamba safari hii amezaliwa mahali penye umeme usiopotea.

Shemeji alimkatia tiketi. Ilikuwa tiketi ya bei ya chini, ile ya abiria anayedhaniwa kuwa na mwili tu: begi moja dogo la kuingia nalo ndani, kilo saba, basi. Dada akatuma maagizo, nami nikamsomea mama jikoni. Kila kitu cha majimaji kiwe katika chupa isiyozidi mililita mia moja. Chupa zote ziingie katika mfuko mmoja wa lita moja, unaoonyesha ndani.

"Hata mafuta?" aliuliza.

"Hasa mafuta."

"Kwa hivyo wanaogopa mafuta yangu."

"Wanaogopa mafuta ya kila mtu, mama."

Aliitazama chupa ya nusu lita iliyosimama juu ya kabati. Ilikuwa chupa ya kioo iliyowahi kuwa ya sharubati, na sasa ilijaa mafuta ya mbarika. Mbegu alizichuma mwenyewe nyuma ya boma la ng'ombe, akazikaanga, akazitwanga, akazichemsha juu ya kuni mchana kutwa na kuengua mafuta kwa kijiko. Hakuwa akisafiri kwenda kuona majengo. Binti wa kwanza wa dada aliletwa nyumbani akiwa tayari anatembea, akakataa kupakatwa, akaondoka bila kumzoea. Huyu wa pili mama alitaka kumwahi. Alitaka amwogeshe na kumpaka mafuta hayo kwa mikono yake, ili mtoto mwenye jina lake aijue harufu yake kabla hajajifunza kukataa watu.

Kazi ya kutafuta vichupa ikawa yangu. Niliamini itachukua dakika chache, kwa kuwa sisi ni taifa la vitu vidogo. Sabuni ya nywele huuzwa ya kuosha kichwa kimoja, kahawa ya kikombe kimoja, mafuta ya kupikia ya chakula cha jioni moja. Katika supamaketi ya mjini Nyeri nilimweleza msichana wa rafu ninachotaka.

"Boss, unataka ndogo ya kurarua ama ndogo ya kufunga?"

"Ya kufunga."

"Hiyo ni ya watu wa ndege. Iko huko juu, karibu na masanduku."

Hapo nikaelewa. Udogo wa kuraruliwa ni wa watu wote, lakini udogo wenye kifuniko ni anasa, na huwekwa mahali pa juu ili uufikie kwa kunyoosha mkono kama mtu anayejiweza. Kulikuwa na seti ya vichupa vinne vya plastiki, vitupu kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, kwa bei inayoshinda ya vilivyojaa kitu. Nilipouliza kama naweza kupata mfuko wa nailoni peke yake, msichana alipunguza sauti.

"Karatasi ya nailoni tena? Unataka tushikwe?"

Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko hiyo, na uwanja wetu wa ndege hauruhusu kupita bila mmoja. Nilinunua seti nzima kwa ajili ya mfuko wake.

Mama alikifungua kichupa kimoja, akakibinya, akakirudisha mezani. Mafuta yakikaa kwenye plastiki, alisema, yatanuka plastiki badala ya jiko lake. Vichupa akavitia chumvi, pilipili, na mbegu za maboga. Mfuko akauhifadhi.

Nilikuwa na kazi za kunizungusha miji ya kando ya mlima wetu wiki hiyo, nikauliza Karatina, nikauliza Kerugoya. Binamu yangu anayefanya kazi katika shamba la maua huko Timau alisema vichupa anavyo vingi sana, ila vyote vina picha ya fuvu. Nikamshukuru.

Mwishowe nilirudi Nyeri, kwa mzee anayeuza manukato karibu na msikiti. Hapo nilivikuta: vichupa vya kioo, vifupi, vyenye vifuniko vya kuzungusha, vimepangwa vikitazama barabara.

"Karibu ndugu yangu."

"Hivi vilikuwa na nini, mzee?"

"Vilikuwa na udi. Nimeviosha kwa maji moto, vimetakata."

"Harufu imetoka?"

Alikinusa kimoja kwa utulivu. "Mimi sisikii kitu."

Nami nikanusa, nikakubaliana naye. Sikuzingatia kwamba yeye ameishi ndani ya udi tangu ujana wake, na kwamba mimi nilikuwa na mafua. Ilikuwa Julai. Julai Nyeri hufunikwa na ukungu hata saa za chakula cha mchana, na watu huzungumza puani kana kwamba ni lahaja yao.

Mama naye alikuwa na mafua. Alivichemsha vichupa, akavinusa, akavisifu. Akamimina mafuta polepole kwa faneli, mpaka vichupa vikaisha na chini ya chupa kubwa yakabaki kama vidole viwili. Tulifunga mfuko wa lita moja tukasimama kuutazama. Ulionekana kama kitu cha watu wanaosafiri kila mwezi.

Alasiri akaja jirani, mweka hazina wa chama chao, kuaga. Hakuwa na mafua. Aliomba aone, akafungua kimoja, akakinusa.

"Mama, unaenda kuona mtoto ama unaenda kuolewa?"

"Umeanza."

"Ati nimeanza. Hii ni harusi ya Waislamu kabisa. Hata biriani naisikia."

Mama alinigeukia. Huniita baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake, na hutumia heshima hiyo zaidi anapokasirika. "Baba, nusa."

"Sinusi kitu, mama."

"Hata mimi. Ndiyo shida."

Akakaa kwenye stuli. Ndege ilikuwa kesho yake jioni. Mbegu zilikuwa zimekwisha. Alisema taratibu, bila kumwangalia yeyote, kwamba sasa mtoto atamjua kama mtu mwingine. Jirani aliacha kucheka.

Kisha jirani akaenda kwake na kurudi na kichupa cha kioo cha kahawia. Zamani zahanati yetu iliwapa dawa ya maji wale tu waliokuja na chupa yao, na tangu hapo hakuna nyumba kijijini kwetu inayothubutu kutupa chupa ya dawa ya kikohozi. Hicho hakikuwa kimetiwa kitu kwa miaka. Jirani alikinusa ndani na nje, kisha akanusa na yale mafuta yaliyobaki, akatangaza kwamba vyote viwili ni salama. Mafuta yale ya vidole viwili yakaingia yote, na nafasi kidogo ikabaki juu. Vichupa vya harusi alivichukua yeye, akasema ni malipo ya pua.

Hivyo mama aliondoka akiwa na mfuko wa lita moja wenye kichupa kimoja. Njahi, aina ya maharagwe meusi, ambazo ni lazima kwa mwanamke aliyejifungua na ambazo kwa bahati si majimaji, zilichukua kilo zote saba. Nguo alizivaa.

Alinipigia simu baada ya siku chache. Sauti yake bado ilikuwa ya puani. Alikuwa amemwogesha mtoto, akampaka mafuta kuanzia utosini hadi nyayo, na mtoto akalala. Lakini yeye mwenyewe hakunusa kitu. Alimuuliza dada, na dada akasema mtoto ananukia vizuri, jibu ambalo mtu humpa mama yake kwa lolote. Akamuuliza shemeji, naye akasema vilevile, kwa adabu zaidi.

"Sasa ukajuaje?"

"Yule mjukuu mkubwa alikuja. Akainama kitandani, akashika pua. Akasema mtoto ananuka moshi."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia sema tena."