Nilivyopimwa kwa Safari ya Kisangani

Nikisikia harufu ya esansi, yale mafuta ya pikipiki, ikichanganyika na ya tairi jipya, tumbo langu hufurahi kwanza, kisha hukasirika. Linakumbuka haraka kuliko mimi.

Nilikuwa na miaka kumi, tukikaa Mususa, pale Butembo, wakati mjomba Kasereka, mdogo wake mama, alipoanza kutengeneza pikipiki ya kwenda Kisangani. Si kwa biashara. Alitaka tu kuona ule mto mkubwa wa kule. Majirani walimhesabu mgonjwa: mtu aende mbali vile, arudi bila bidhaa?

Ua wetu ukageuka gereji. Fundi alichomelea chuma cha mizigo, akabadili pistoni, akafunga matairi ya meno ya matope. Mimi nilisugua mnyororo kwa mswaki mkuukuu. Siku moja mjomba akanitazama kama mtu anayenunua mbuzi.

"Masika, weye uko na kilo ngapi?"

Akanipandisha juu ya mizani ya kakao ya jirani. Akasoma yeye, fundi naye akasoma.

"Inatosha kabisa," akasema fundi.

"Donc weye njo utaenda na miye Kisangani," akasema mjomba.

Nililitangazia darasa zima. Wengine niliwaahidi samaki.

Pistoni mpya haikimbizwi. Inafanyiwa rodaji, yaani inaendeshwa polepole mpaka izoee. Jumamosi tulikwenda Beni, mimi nyuma, nimefungwa kwa kamba ya mpira, tukipitwa na malori ya mbao na, kwenye mteremko mmoja, na baiskeli. Kwa kila shimo mjomba aliuliza, "Inagonga huko nyuma?"

"Haigonge, mujomba!"

Kule Mulekera, mtaa wa Beni, alinipa ndizi ya kuchoma, akakaza resori za nyuma, zile springi zinazobeba uzito. "Juu yako," akasema, yaani kwa ajili yangu.

Siku ya safari, baada ya misa, nilitoka nje na koti na viatu vya Jumapili. Mahali pangu palikuwa na bidoni mbili, madumu yaliyojaa esansi, zimefungwa kwa kamba ileile.

"Na miye nitaikala wapi?"

Mjomba akajishughulisha na kofia yake. Fundi ndiye aliyecheka, akaniambia: "Bidoni mbili njo kilo zako! Esansi ni bei kali, mama. Weye ulikuwa bure."

Nikamgeukia mama.

"Nilimukatalia tangu siku ya kwanza," akasema. "Njia ile hapana ya mutoto."

Tangu siku ya kwanza. Na vifungo vya koti lile alinifunga yeye mwenyewe, asubuhi hiyohiyo.

Leo nina watoto, na njia ile naijua. Nami nisingempeleka mtoto. Hilo nimelielewa, nimelikubali. Nisiyoikubali ni bei. Mjomba angesema tu, "Panda nyuma, nipime resori," ningekwenda Beni na kurudi kwa ndizi ile moja. Yeye akanilipa Kisangani nzima, kisha akaondoka nayo.