Trei Kumi za Maganda ya Risasi

Niliingia Kitale juu ya lori la samaki wakavu lililotoka Kalokol. Dereva aliapa ni safari ya siku moja, ikawa mbili. Kainuk tulibadilisha gurudumu. Mwinuko wa Kamatira tuliupanda polepole kiasi kwamba mbuzi wa kando ya barabara walitupita, na Kapenguria tukabadilisha gurudumu lingine. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, cheti cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa plastiki, na harufu iliyonitangulia kila mlango niliobisha kutafuta kazi.

Mlango ulionifungukia ulikuwa mtaa wa Kibomet. Mhadhiri mmoja, mama wa Bungoma wa rika langu, alikuwa amepanga nyumba ya vyumba viwili kwa ajili ya utafiti wake wa shahada ya uzamifu. Alitaka msaidizi mwenye mwandiko safi.

"Wewe ni mtu wa samaki?" aliniuliza.

"Nilipanda tu na samaki, Madam."

"Basi kaoge, halafu uje uniandikie moja mpaka hamsini."

Kazi yenyewe ilinichekesha mwanzoni, kisha ikaninasa. Bunduki ikipiga, pini yake hugonga kitako cha ganda la risasi na kuacha alama. Wapelelezi huitazama alama hiyo kwa hadubini na kumwambia hakimu ganda limetoka bunduki gani. Madam alikuwa na swali moja: je, alama ya risasi ya kwanza na ya mia tatu ni ile ile, au inabadilika pini ikichakaa? Kama inabadilika, mtu anaweza kufungwa bure, au muuaji akarudi kwao anapiga mluzi. Kwa hiyo mpangilio ulikuwa kila kitu. Ganda la kumi likikaa mahali pa ganda la tisini, hakuna utafiti.

Alipewa kibali cha kupigisha bunduki tatu kuukuu kabla hazijakatwakatwa na serikali. Tulizipigia kwenye machimbo ya mawe karibu na Naitiri, bunduki ikiwa imebanwa kwenye chuma kilichotengenezwa na fundi Singasinga wa mjini, tukivuta kamba kwa mbali. Aliyesimamia ni polisi mstaafu kutoka Kimilili, mzee mcheshi.

"Rete trei, bana!" alikuwa akinipigia kelele. "Ama unangoja risasi ikutagie?"

Maganda tuliyaweka kwenye trei za mayai, thelathini kila trei, na kazi yangu ilikuwa kukwaruza namba kwenye mdomo wa kila moja kwa sindano ya chuma. Maganda ya bunduki mbili za kwanza nilikwaruza yote. Siku ya bunduki ya tatu mvua ilitushika, vidole vikafa ganzi, nikajiambia trei zinatosha, namba nitaandika nyumbani. Nikaziweka trei kumi barazani. Wiki ikapita. Bunduki zikakatwa.

Jumamosi moja Madam akiwa matangani Bungoma, nilirudi kutoka sokoni nikakuta maganda yote mia tatu yamo ndani ya beseni la bluu. Mama mwenye nyumba alifuga kuku wa mayai.

"Nimechukua trei zangu, baba," alisema. "Kuna mteja wa Kimilili alikuwa na haraka. Lakini sijapoteza hata ganda moja, na nimekufutia vumbi."

Nilimshukuru. Trei zilikuwa zake kweli.

Siku tatu nilikaa na hadubini. Miezi mingi nilikuwa nimetazama alama zile, nikajiona mtaalamu. Yenye alama za kingo kali nikayaweka mwanzo, yenye zilizofifia nikayaweka mwisho, nikakwaruza namba moja mpaka mia tatu kwa mwandiko wangu safi.

Madam aliporudi akapima, akachora mstari wake, akapiga kelele hata kuku wakaruka. "Ona hii! Inashuka kama ngazi!" Zile bunduki mbili nyingine zilikuwa zimempa mchoro wa kuyumbayumba, lakini hii ilijibu swali lake waziwazi. Akasema ataipeleka mbele ya watahini mwezi ujao.

Siku nne sikuonja chakula vizuri. Siku ya tano, akiwa anakula ugali na mrenda, nikasema, "Madam, ile ngazi niliijenga mimi."

Nikamweleza yote. Aliosha mikono taratibu sana.

"Kwa hiyo ulinipa nilichotaka kuona," alisema. Akaongeza: "Na mimi nikakipenda."

Nilijitetea kwamba pengine nilipanga sawa, kwani jicho langu lilishazoea. Kisha akachukua maganda ya bunduki ya kwanza, akafunika namba zake kwa utepe, akayamwaga kwenye beseni lile lile. "Panga."

Nilipanga siku mbili. Tulipobandua utepe, ganda la mia mbili na nane lilikuwa limekaa kabla ya la kumi na mbili, na la kwanza kabisa nilikuwa nimelizika katikati. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akacheka na sisi. "Mimi nimefuga miaka ishirini," akasema, "na siwezi kukuambia yai lipi lilitagwa kwanza."

Madam aliitoa bunduki ya tatu kwenye hesabu. Akaandika sura mpya, fupi, kuhusu jicho linalojua linachotafuta. Alinipa niisome. Iliandikwa: msaidizi aliyapanga upya maganda kwa kuangalia.

"Ongeza kwamba alikuwa na aibu," nikamwambia.

"Hiyo siwezi kupima."

Alikwenda kwa watahini na mchoro wake wa kuyumbayumba. Jioni akapiga simu: wamempitisha, na marekebisho ya miezi mitatu, sura ile ya jicho ndiyo waliyoiuliza kuliko zote. Sauti yake ilikuwa imechoka, lakini ilicheka. Alisema nikitaka nibaki, marekebisho yanahitaji mwandiko.

Nilimwambia yanahitaji mwandiko wake, wangu ulishaandika uongo. Asubuhi nikamwachia mama mwenye nyumba ufunguo, maganda yote yakiwa na namba, isipokuwa yale mia tatu ya bunduki ya tatu, ambayo namba nilizoyabunia nilikuwa nimezifuta kwa msasa. Nikashika njia ya Malaba, mpakani. Sijarudi tena.