Jani Lililogeuka Dirishani

Jumatatu asubuhi niliwakuta wenzangu wa karakana wamerundikana kwenye simu moja, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nikasogea na mimi nicheke.

Aliyekuwa anachekwa ni mimi.

Kwenye video nimefungwa kitambaa cheusi machoni, niko pekupeku, nimenyoosha mikono mbele kama niliyebeba kitu. Nayumba taratibu. Machozi yanatoka chini ya kitambaa mpaka kwenye ndevu.

"Chuma, hilo gunia la hewa lina kilo ngapi?" mmoja akauliza.

Wakaangua kicheko. Mimi nikavaa miwani ya kuchomelea, nikainamia geti. Nilichomelea mahali ambapo hapakuhitaji kuchomelewa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Niliacha shule darasa la tano, sijui kupamba maneno. Nitasema ilivyokuwa.

Mke wangu alifariki miaka miwili iliyopita. Aliumwa miezi minane, na miezi yote hiyo mimi ndiye niliyembeba asubuhi kutoka kitandani mpaka bafuni. Sikumwachia mtu. Siku tulipomzika sikulia. Wiki iliyofuata bega la kulia likagoma, mkono haupandi. Daktari akapiga picha, akasema mfupa hauna tatizo.

Mdogo wangu ndiye aliyenipa wazo. Huyu nimemlea tangu mama yetu atutoke, na ufundi nimemfundisha mimi. Wakati mke wangu anaumwa alikuwa anaishi kwetu.

"Kaka, unakumbuka ule ukumbi tuliofunga grili za madirisha? Yule mwalimu anachezesha watu wenye mawazo. Nenda."

"Nikacheze? Na kitambi hiki?"

"Nani atakuona? Wote wanafungwa macho. Nitakupeleka na pikapu, nitakusubiri nje."

Nikaenda, nusu nimenuna.

Tulikuwa watu kumi na wawili. Mwalimu, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini, alisema mambo matatu tu. Hakuna hatua za kufuata. Hakuna kuongea. Hakuna kumtazama mwenzako. Unafunga kitambaa, muziki unaanza, mwili unakwenda unakotaka. Mwishoni mnalala sakafuni kimya, kisha kila mtu anakwenda kwake.

Mmoja kwa zamu anabaki na macho wazi. Wanamwita mlinzi. Kazi yake ni kukaa karibu na mlango na kukugeuza kwa kiganja ukikaribia ukuta. Basi.

Jumamosi ya kwanza nilisimama kama nguzo. Ili nisijione mjinga, kabla ya kufunga kitambaa nikawa nakagua kazi yangu madirishani. Grili ya dirisha la nyuma ina jani moja la chuma, la pambo, nililolichomelea kichwa chini. Siku ya kulichomelea, mdogo wangu ndiye aliyenishikia. Tulipogundua tulicheka, tukaliacha, tukasema hakuna atakayeliona.

Jumamosi ya nne mwili ukakataa kusimama. Sijui niseme nini zaidi. Mikono ikanyooka yenyewe, magoti yakajikunja kidogo, nikawa nambeba mke wangu kumpeleka bafuni. Uzito wake niliusikia. Nililia kama mtoto, na mkono wa kulia ukapanda.

Hilo ndilo waliloliita gunia la hewa.

Wakati ule msimamizi wetu alikuwa anastaafu, na tajiri mwenye karakana alishaniahidi nafasi ile mbele ya watu. Jumanne akaniita ofisini.

"Chuma, nimeiona video. Wateja nao wameiona, wananiuliza kama fundi wangu ana akili timamu."

"Ni mazoezi tu, tajiri."

"Sawa, lakini pumzika kwanza. Mdogo wako atashika usimamizi."

Nilipotoka, mdogo wangu akanipiga bega, lilelile bovu. "Kaka, usiumie. Cheo kimebaki nyumbani."

Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru!

Hasira yangu yote niliipeleka ukumbini. Siku niliyolia, mlinzi alikuwa nesi mmoja mstaafu, mama mpole wa viatu vya raba vyeupe. Mwenye macho alikuwa yeye peke yake. Jumamosi nikamkabili mbele ya wote.

"Tumekuamini tukafunga macho, wewe umetoa simu! Umri wote huo, mama, huna haya?"

Mwalimu akaniuliza, "Umemuuliza kwanza?"

"Nimuulize nini? Mwingine nani alikuwa anaona?"

Nesi alinitazama. Akakunja kitambaa chake mara nne, akakiweka juu ya kiti, akatoka.

Jumapili mchana, nikiwa peke yangu sebuleni, nikaitazama ile video kwa mara ya kwanza mpaka mwisho. Kwenye kona ya juu kulikuwa na kitu cheusi. Nikakivuta kwa vidole kikakua.

Jani. Kichwa chini.

Video ilipigwa kutoka nje, dirisha la nyuma, kwenye uchochoro ambako mdogo wangu huegesha pikapu akinisubiri.

Jumatatu nilimkuta mdogo wangu amekaa kwenye kiti cha msimamizi, anazungusha kalamu.

"Unalikumbuka jani letu?" nikamuuliza.

Kalamu ikasimama. Hakujifanya haelewi, hilo nampa.

"Kaka, ungekalia kiti hiki, ungeondoka lini? Maisha yangu yote mimi ni mdogo wake Chuma."

"Ungeniomba ningekupa."

"Ndiyo hiyo nisiyoitaka! Kupewa!"

"Wale walicheka kwa sababu hawajui. Wewe ulikuwa unatufungulia mlango wa bafuni. Ulijua nimembeba nani."

Akainamisha uso. Mpaka leo kiti bado amekikalia.

Nilimwomba mwalimu anielekeze kwa nesi. Nikamkuta anaanika mashuka. Nikasimama mbele yake kama mtuhumiwa.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Ni mdogo wangu aliyefanya vile."

"Najua. Nilimwona uso dirishani, mmefanana mno. Simu sikuiona. Nilidhani naye anatamani kuingia."

"Sasa mbona ulinyamaza nilipokutukana?"

Akabana shuka kwa kibanio, taratibu.

"Mwanangu, ningekwambia ni ndugu yako, ungeniamini?"

Nikamshikia ncha ya shuka.

Nisingemwamini. Ningemtukana mara mbili.

Ninyi mnaosoma, fundisho langu ni fupi. Usaliti wa ndugu yangu uliniuma, lakini ulinikuta nimeshamtukana mama wa watu kwa kosa ambalo sikulichunguza hata dakika moja. Ndugu yangu sikumshuku kwa sababu ni ndugu yangu. Hiyo siyo hoja, ni uvivu. Mkitendwa, tazameni video mpaka mwisho ndipo mnyooshe kidole.

Nimerudi ukumbini, kwa miguu. Nesi naye amerudi, na zamu yake ikifika nafunga kitambaa bila wasiwasi. Mkono unapanda.

Mwalimu aliniomba nilirekebishe lile jani. Nilikuja na vifaa vyote, nikalitazama, nikavirudisha kwenye mfuko.

Nimeliacha kichwa chini, ndilo lililonifungua macho.